Yoti iko Nungwi na kusi inakaribia: niilaze wapi?

Mlinda Nanga: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeachiwa yoti ya mlingoti mmoja, mita 11, ya faiba, mkuku wake, ule uti wa chini ya chombo, unazama mita 1.8. Mwenyewe yuko Ulaya mpaka Julai. Ipo Nungwi upande wa machweo, nanga moja, mnyororo mita 40. Kaskazi inaisha, masika haya hapa, kisha kusi. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 silali vizuri mvua zikianza. Mjomba wangu mvuvi anataka tuipandishe pwani kwenye bamvua, maji yakijaa sana. Mwenyewe anasema niongeze nanga ya pili tu. Nishike la nani?

Fundi Kalafati: Mjomba wako anasema kwa chombo anachokijua. Mashua ikipwelewa hulala ubavu, maji yakirudi inainuka. Yoti yako ina mkuku mrefu mwembamba. Itainama juu yake, mawimbi yaipigize mchangani mpaka boliti za mkuku zilegee. Bila mihimili madhubuti pande zote mbili, usiipandishe.

Nahodha wa Tumbatu: Hapo ulipotia nanga kina ni mita ngapi, na umepima maji yakiwa yamepwa au yamejaa?

Mlinda Nanga: Yamepwa, nahodha. Mita 4.

Nahodha wa Tumbatu: Ndipo watu wanapokosea. Bamvua kwetu huongeza karibu mita 4, sasa una 8. Weka mita 1 kutoka majini mpaka omo, yaani mbele ya chombo, ni 9. Upepo mkali unataka mnyororo mara saba ya hapo, yaani mita 63. Wako wa mita 40 ni mara nne na kidogo. Nanga hushika ikivutwa kwa kulala, ikivutwa kwenda juu inang'oka, hata uweke mbili. Ongeza mnyororo kwanza, nanga baadaye.

Kijana wa Bububu: Mnamtisha bure. Tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, vimbunga vinaishia Msumbiji.

Mpenda Historia: Ni kweli karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu ya kujisokota, ndiyo maana huku ni nadra. Lakini nadra si kwamba hakuna. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, merikebu za Sultani Barghash zikaangamia na mikarafuu mingi ikalala chini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Na Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei, wakati msimu wa vimbunga huhesabiwa Novemba hadi Aprili. Usijilegeze kwa kuwa Aprili imekwisha.

Nahodha wa Tumbatu: Niongeze hapo. Upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikipita kusini yetu, kama kule Mafia, upepo huku huanza kutoka kusini, halafu hugeukia magharibi. Nungwi ya machweo imekingwa na kusi ya kawaida, nchi iko mgongoni. Upepo ukija kutoka magharibi, nchi hiyohiyo ndiyo itakayoivunja yoti. Mimi ningeihamishia Pemba, kwenye hori, zile ghuba nyembamba, za upande wa magharibi zenye mikoko pande zote. Vuka mapema, siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mkondo usiwe mkali. Ingia maji yakijaa na jua likiwa juu, uyaone matumbawe. Jitambulishe kwa sheha, na usikate mkoko hata mmoja.

Bint Mkoani: Naomba msinipuuze kwa hili. Usiku mmoja wa Julai, kusi ya kawaida tu, tulipoteza boti ya familia. Nanga haikuteleza. Kamba ililiwa pale inapopita kwenye ukingo wa omo, asubuhi tukakuta ncha imechanika nyuzinyuzi. Baba hakupata chombo kingine mpaka leo. Kata mpira wa maji, uvishe kamba pale inaposuguana, uufunge usihame. Tanga la mbele usiliache limeviringishwa. Lishushe kabisa, upepo hulifungua usiku. Shusha na turubai. Safisha matundu ya maji ya sitaha, kwa sababu masika yenyewe huzamisha chombo kimya kimya betri ya pampu ya ngama, inayotoa maji ya chini ya chombo, ikifa.

Fundi Kalafati: Na tahadhari ikitolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kazi iwe imeisha. Funga, shuka, nenda nyumbani. Usikubali kulala ndani kuilinda.

Mlinda Nanga: Shukran sana, na pole Bint Mkoani. Nimempigia mwenyewe nikamsomea ile hesabu ya mita 63. Amekubali kununua mnyororo, na bima yake ataisoma upya kuhusu dhoruba. Tanga nashusha kesho. Maji yakishakuwa mafu tunavuka na mjomba, ana rafiki Wete anayezijua hori zile.

Bint Mkoani: Mkifika salama tujulishe.