Uliyewahi kugeuza maktaba ya Java kuwa bando la OSGi, njoo tupeane uzoefu wa vitegemezi

mtunza_maktaba

Wakuu habari za kazi. Nafungua huu uzi kwa sababu maelezo ya OSGi (mfumo wa kugawa programu ya Java kwenye vipande vinavyojitegemea, yaani mabando) yapo kibao ila mengi yanakufundisha bando moja lisilotegemea kitu, linawaka, basi. Shughuli yenyewe inaanza pale unapochukua maktaba ya kawaida, ina msururu wa jar (mafaili yaliyofungasha klasi za Java) nyuma yake, halafu unataka iishi ndani ya Felix au Equinox (fremuweki zinazoendesha OSGi) pamoja na mabando mengine ambayo nayo yana matakwa yake. Hapo ndo nataka tusikilizane, kila mtu alete kisa kimoja alichokutana nacho na alivyotoka.

Kwa wageni kidogo tu. Bando ni jar ile ile mnayoijua, kinachoongezeka ni maelezo kwenye META-INF/MANIFEST.MF: Bundle-SymbolicName ndo jina lake, Bundle-Version toleo lake, Export-Package ni pakeji linazowapa wenzake na Import-Package ni zile linazoomba. Kila bando lina klasiloda yake (kinachopakia klasi zake), kwa hiyo pakeji usiyoiomba huioni hata kama jar yake imekaa hapo pembeni. Na unaomba pakeji, huombi jar. Hili watu wengi wanachelewa kulishika kwa sababu Maven (zana ya kujenga miradi ya Java) imetuzoesha kufikiria jar fulani toleo fulani, wakati fremuweki yenyewe haijali nani kaleta pakeji mradi toleo linakubali.

Naanza na changu. Nilikabidhiwa maktaba ya kusoma na kuandika XML, ilikuwa inapiga kazi vizuri tu kwenye Java 8, tukahamia Java 11 bando likagoma kabisa kutoka INSTALLED (limewekwa tu) kwenda RESOLVED (limepata yote linayoomba). Ujumbe wenyewe huu:

`missing requirement osgi.wiring.package; (&(osgi.wiring.package=javax.xml.bind)(version>=2.2.0)(!(version>=3.0.0)))`

Wengi wakiona mabano hayo wanakata tamaa lakini ukiisoma taratibu inakwambia kila kitu: nataka pakeji javax.xml.bind (ya JAXB, inayounganisha klasi za Java na XML), isiwe chini ya 2.2.0 na isifike 3.0.0. Java 8 ilikuwa nayo ndani ya JDK, Java 9 ikaiwekea alama kwamba itaondolewa, Java 11 iliyotoka 2018 ikaitoa moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye msimbo wetu hapakuwa na shida hata mstari mmoja, ni aliyekuwa anatoa pakeji ndo kaondoka. Tukaweka bando la JAXB API na la utekelezaji wake, likasimama. Angalieni tu kwamba kuanzia JAXB 3 pakeji imehamia jakarta.xml.bind, ukichukua hiyo bando lako litaendelea kulia vile vile maana jina siyo lile linaloliomba.

Mimi hiki ndo kinanifanya niipende OSGi. Ingekuwa jar zimemwagwa sehemu moja, programu ingewaka kama kawaida halafu NoClassDefFoundError ikaja kutokea siku mteja anabonyeza kitufe cha kutoa ripoti. Hapa umekataliwa mlangoni na umeambiwa sababu.

dada_wa_bildi

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nachangia upande wa manifesti, jamani msiandike kwa mkono. Faili lile lina sheria zake, mstari haupiti baiti 72, ukizidi unaendelea mstari wa pili unaoanza na nafasi moja, na mstari wa mwisho usipofungwa vizuri unaweza usisomwe kabisa. Sasa fikiria Import-Package yenye pakeji thelathini halafu mtu anaongeza moja katikati kwa mkono.

Tumia bnd (zana ya kutengeneza mabando), aidha kupitia maven-bundle-plugin au bnd-maven-plugin, Gradle nayo ina plagini yake. bnd inafungua klasi zilizokwisha kukompailiwa inaangalia zinaita nini, inakuandikia Import-Package yenyewe, na kama kitegemezi kimetangaza toleo la pakeji yake inakuwekea mpaka na masafa, mfano kitegemezi kinatoa 3.1.4 wewe unaandikiwa [3.1,4). Kama kitegemezi ni jar ya kawaida isiyotangaza chochote, import yako inatoka bila toleo na hapo utaunganishwa na toleo lolote litakalokuwepo, kwa hiyo hizo ndo za kuzikagua kwa macho.

Halafu hizi plagini mbili zina tofauti ambayo ilitusumbua tulipohama kutoka moja kwenda nyingine. maven-bundle-plugin usipoiambia kitu inatoa pakeji zako zote isipokuwa zenye impl au internal kwenye jina, bnd-maven-plugin usipoiambia haitoi pakeji hata moja. Tulihama, bildi ikapita kijani, mabando yote yaliyotutegemea yakakosa pa kushika. Sasa hivi kila pakeji ya kutolewa tunaiwekea @Export na @Version ndani ya package-info.java, uamuzi unakaa kwenye msimbo wenyewe na anayesoma anauona.

seva_haizimi

Mimi kisa changu ni cha kupachika jar ndani ya bando. Wote mnajua ule mtego, maktaba ya watu siyo bando, huna muda, unatumia Embed-Dependency inaingia ndani pamoja na Bundle-ClassPath, bando linawaka unaendelea na maisha. Mfumo niliokuta ulikuwa umejengwa hivyo na timu tofauti, kila timu na jar zake tumboni.

Ikaja Desemba 2021 na lile tundu la usalama la Log4j (maktaba ya kuandika logu), CVE-2021-44228. Nikaorodhesha mabando kwenye konsoli, log4j-core haionekani popote, kwa haraka haraka unasema tuko salama. Nikaanza kuzifungua jar moja moja, log4j-core ipo ndani, nyingine ndani, nyingine ndani, na matoleo hayafanani. Kama ingekuwa bando moja linalotumiwa na wote ningebadilisha hilo moja nikarifreshi basi. Badala yake ikabidi kila bando libildiwe upya na lipimwe upya, na mnakumbuka haikuishia 2.15.0, zikafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 mwezi huo huo, kila ikitoka mzunguko unarudi mwanzo.

Sisemi kupachika ni haramu. Maktaba ndogo unayoitumia wewe mwenyewe ndani na hakuna aina yake hata moja inayotokeza kwenye API yako, pachika, au tumia -conditionalpackage ya bnd ichukue zile pakeji unazozihitaji tu. Ila logu, kriptografia, visomaji vya JSON na XML, vitu vyenye historia ya matundu ya usalama, hivyo viache nje viwe mabando yanayojitegemea.

nyuzi_tatu

Seva umenikumbusha mbali sana, pole mkuu.

Mimi naleta "uses constraint violation", nadhani ndo hitilafu inayokimbiza watu wengi kwenye OSGi nzima na kusema kweli hairuki hewani tu, ina mantiki. Tulikuwa na bando la malipo, tuliite M, linatumia maktaba ya JSON toleo la 2. M linaomba pia pakeji ya huduma kutoka bando H, na H lenyewe limeunganishwa na JSON toleo la 1. Ukiangalia peke peke kila mmoja ana anachohitaji, OSGi inaruhusu matoleo mawili kukaa pamoja, sasa kwa nini inakataa?

Inakataa kwa sababu moja ya metodi za H inarudisha JsonNode. Yaani H linapotoa pakeji yake limeandika uses:="com.mfano.json", maana yake yeyote anayenitumia tutashikana hiyo klasi mkononi, lazima tuwe na moja. M lingeruhusiwa kuunganishwa lingepokea JsonNode ya toleo la 1 na lenyewe linaijua ya toleo la 2, jina ni lile lile ila klasiloda ni mbili, ungepata ClassCastException inayokwambia JsonNode haiwezi kuwa JsonNode. Fremuweki imekuepusha na hiyo.

Dawa tuliyotumia haikuwa kwenye manifesti. Tuliingia kwenye H tukabadilisha ile metodi irudishe aina ya kwetu wenyewe, uses ikatoweka, M likaunganishwa mara moja. Tangu hapo maktaba yoyote ninayoigeuza bando kitu cha kwanza naangalia API yake ya nje ina aina za watu wengine? Kila aina ya mtu mwingine unayoitokeza nje unawafunga wateja wako kwenye toleo unalotumia wewe.

mtunza_maktaba

Aisee nyuzi_tatu umeeleza vizuri mno. Na kwa anayetumia Karaf (seva ya kuendeshea mabando ya OSGi), bundle:diag inakuonyesha bando limekwama wapi na package:exports inakuonyesha nani anatoa nini, mkiona pakeji moja inatolewa na mabando mawili simameni hapo kwanza. javax.annotation ndo mfano wake, JSR-250 (seti ya anotesheni za Java) ina klasi zake humo na jsr305 (seti nyingine) nayo imeweka zake humo humo, bando lako likiunganishwa na mmoja klasi za mwingine huzioni.

natafuta_dereva

Naomba msaada wakuu, mimi bando langu linafika ACTIVE bila tatizo, import zote ziko sawa, ila likianza kazi linasema halioni mtekelezaji hata mmoja. Maktaba inatumia ServiceLoader (njia ya Java ya kutafuta watekelezaji wa intafesi) na faili lipo META-INF/services nimelihakiki.

dada_wa_bildi

Ndugu hiyo ni klasiloda. ServiceLoader kwa kawaida inatafuta kupitia klasiloda ya thread inayotekeleza kazi wakati huo, na ndani ya OSGi hiyo haina uhusiano na bando lenye mtekelezaji wako. bnd nayo usipoiambia haitakuokoa, maana jina la klasi limekaa kwenye faili la maandishi na yenyewe kwa kawaida inasoma klasi. Weka SPI Fly ya Apache Aries (bando linaloifanya ServiceLoader ifanye kazi ndani ya OSGi), kisha bando linalotafuta liandike Require-Capability ya osgi.extender yenye osgi.serviceloader.processor, na lile linalotoa mtekelezaji liombe osgi.serviceloader.registrar na litangaze Provide-Capability ya osgi.serviceloader. Utakuta watu wanakushauri DynamicImport-Package: * (kuomba pakeji yoyote wakati programu inaendelea), nakuomba usiifuate, itafanya kazi leo lakini umefungua milango yote na hutajua tena bando lako linategemea nini.

natafuta_dereva

Limeshika dada, asante sana. Kumbe nilikuwa na processor tu, registrar haikuwepo.

mpima_matoleo

Nimefika nimechelewa ila hakuna aliyegusa namba za matoleo upande wa anayetoa. Kwenye OSGi ukiandika version="1.2" kwenye import hujasema 1.2, umesema 1.2 mpaka milele, ikija 5.0 utaunganishwa nayo. Masafa yaandikwe yote, [1.2,2) kwa anayetumia tu, [1.2,1.3) kwa anayetekeleza intafesi zako.

Kwa nini tofauti? Chukua intafesi ina metodi tatu unaongeza ya nne. Anayeiita hasikii chochote, anayeitekeleza anavunjika. Ndo maana kuna @ProviderType na @ConsumerType, ukiweka ya kwanza nyongeza hiyo inapandisha namba ya kati, ukiweka ya pili inapandisha namba kubwa. Na usitegemee kukumbuka mwenyewe, weka bnd-baseline-maven-plugin, inalinganisha na toleo lililopita, ukiwa umebadilisha API bila kupandisha namba ya pakeji inavunja bildi na kukutajia namba inayotakiwa. Kwetu watu walinuna mwanzoni, sasa hivi hakuna anayetaka itolewe.

seva_haizimi

Swali kwa wote, kuna haja ya kuhangaika na haya yote wakati Java 9 imeleta moduli zake na module-info.java?

mpima_matoleo

Mkuu inategemea unataka nini. Moduli za Java zinakuficha pakeji za ndani vizuri na zinakagua mapema, lakini requires haina toleo, na huwezi kubadilisha moduli moja programu ikiwa inaendelea kama bando. Maktaba ninayoitoa kwa umma naiwekea vyote viwili, vichwa vya OSGi pamoja na module-info, bnd kuanzia 5 inaweza kukuzalishia na hiyo. Kama hujawa tayari kwa module-info weka angalau Automatic-Module-Name, ni mstari mmoja tu, vinginevyo Java inakisia jina la moduli kutoka jina la faili la jar na siku ukibadilisha jina la faili wanaokutegemea wanavunjika.