Kikundi chetu cha mihogo kinataka kutumia akili mnemba. Tuanzeje bila kumuumiza mkulima?

Katibu wa Udaga:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mihogo huku Sengerema. Ugonjwa wa batobato umetushika vibaya, na ule wa michirizi ya kahawia nao upo: unang'oa muhogo nje unapendeza, ukiupasua ndani umeoza. Bwana shamba wetu ana vijiji vingi, hadi atufikie tumeshachelewa.

Vijana wameleta hoja mbili. Kwanza, tupime majani kwa Nuru, ile programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo, na maswali mengine tuyapeleke kwa hizi akili mnemba za kuchati. Pili, tuiingizie orodha nzima ya wanachama, yaani majina, simu, namba za NIDA na deni la kila mtu, ituandalie taarifa ya mikopo. Hiyo ya pili roho inasita, na wenzangu wanasema nakwamisha maendeleo. Lakini hata ya kwanza nina hofu. Kuna bibi kikundini tegemeo lake ni nusu eka. Simu ikimwambia ang'oe, kumbe sivyo, nani atamlisha? Naombeni ushauri.

Pingili Safi:
Nuru usiiogope. Ni kazi ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na picha za awali za kuifundishia zilipigwa mashambani huko Bagamoyo. Kiswahili inakijua, na ukiwa shambani haihitaji bando.

Mimi ningeogopa zaidi pale inaposema shamba ni zima. Bibi aking'oa shina moja bure, hasara ni yake na mnaweza kumfidia. Ila shamba lenye michirizi likipita kama zima, watu watakata pingili pale, yaani vipande vya shina vya kupanda, na kugawana, na msimu ujao kijiji kizima kimepanda ugonjwa. Michirizi hujificha. Dalili zake huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na wakati mwingine hazionekani kabisa. Kwa hiyo pimeni majani kadhaa, mashina tofauti, na kabla ya kuchukua mbegu ng'oeni mashina machache mpasue mizizi. Hapo simu haiwasaidii, kisu ndicho kinachosema.

Mstaafu wa Ugani:
Naunga mkono. Kwenye kuchati kuweni waangalifu mno, hasa habari ya dawa. Yote mawili ni magonjwa ya virusi, hakuna dawa ya kupuliza inayoyatibu. Inzi weupe ndio wanaoyasambaza, na mtu akisikia inzi anakimbilia bomba la dawa. Ng'oeni mashina yenye ugonjwa mapema, pandeni mbegu safi. Kiuatilifu chochote mtakachotajiwa, hakikisheni kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kipimo kisomwe kwenye lebo, si kwenye simu.

Kijana wa Buchosa:
Mzee shikamoo. Mimi nilipoiuliza iliniambia wazi kwamba virusi havina dawa. Tukiwatisha watu wataacha kabisa, na wataalamu wenyewe hatuwaoni.

Mstaafu wa Ugani:
Marahaba mwanangu. Wewe ulijua namna ya kuuliza. Yule bibi ataulizaje? Chagueni watu wawili wanaojua mihogo, jibu lolote lipite kwao kabla halijamfikia mkulima, na waliandike kwenye daftari kwa majina yao. Likikosewa, tujue wa kumuuliza.

Sheria Mkononi:
Hiyo orodha msiipandishe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Mwanachama alitoa NIDA yake kwa shughuli za kikundi; hakuruhusu deni lake lipelekwe kwenye mitambo ya kampuni ya nje. Mkitaka taarifa ya mikopo, wekeni namba badala ya majina, mtu wa 1, wa 2, na ufunguo, yaani karatasi inayoonyesha namba ipi ni ya nani, abaki nao mweka hazina. NIDA na simu hazihitajiki kabisa kwenye hesabu.

Katibu wa Udaga:
Asanteni sana. Kwenye kikao nitapendekeza Nuru pamoja na kupasua mizizi, watu wawili wa kuhakiki, na orodha ibaki kwetu. Sasa hizo pingili safi tunazipata wapi?

Mstaafu wa Ugani:
Anzia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, Mwanza. Waulize wazalishaji wa pingili waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, walio karibu nanyi, na uende kabla ya mvua, maana zikianza kila mtu anazitaka.