Mbwa wangu anavuja mkojo tangu mdogo, nimpasue au nisubiri akue?

Kisebusebu: Wakuu, heshima kwenu. Nina jike la Golden Retriever, miezi saba. Tangu nimlete anavuja mkojo. Matandiko yanalowa, ngozi ya mapajani imebabuka. Cha ajabu, nikimtoa nje anakojoa kama kawaida! Daktari anasema mrija wa figo umepotea njia. Apasuliwe au atapona akikua? Siku ya tatu silali.

Mzee Kobe: Wangu alikuwa anakojolea viatu vya mke wangu tu. Tukavihamisha, akapona.

Bi Makucha: Mzee Kobe, hiyo ilikuwa chuki, hii ni maumbile. Mleta uzi, kukua hakumponyi. Mrija huo ulitakiwa umwage kwenye kibofu. Wake unamwaga chini ya msuli unaobana mkojo. Wa upande wa pili ukiwa sawa, kibofu kinajaa, ndiyo maana anakojoa vizuri na bado anavuja. Kwa mbwa, mara nyingi mrija hupenya ndani ya ukuta wa kibofu bila kufunguka, ukafungukia chini ya msuli huo. Huo hukatwa hata kwa leza kupitia kamera, tumbo halifunguliwi. Ukiwa umepita nje ya ukuta, hukatwa na kupandikizwa kibofuni. Picha zinasemaje?

Kisebusebu: Hayo tumeshayapita. Figo la kushoto limevimba, linatolewa Alhamisi.

Bi Makucha: Kumbe umeshaamua! La kulia je?

Kisebusebu: Damu ilipimwa, iko sawa.

Bi Makucha: Nimeuliza mrija wake.

Kisebusebu: Ultrasaundi haikuuonyesha vizuri. Huenda nao umepotoka. Lakini daktari ni mzoefu, na nimeshalipa. Hata watu wanaishi na figo moja.

Mtu wa Haki: Mnanunua mbwa kwa sura! Kasoro hii inadhaniwa kurithiwa. Asizae huyo.

Fundi Mwiko: Wakuu, hii chai. Mwezi jana huyu huyu alisema mbwa wake ni dume, anaitwa Simba.

Mzee Kobe: Na mimi nimetoa siri ya viatu bure.

Kisebusebu: Simba ni wa kaka yangu!

Fundi Mwiko: Kaka naye anatumia akaunti yako?

Bi Makucha: Iwe chai, iwe uji, kuna anayesoma hapa akiwa na mbwa wa kweli. Figo halitolewi kabla ya kujua uzima wa lile linalobaki, na mara nyingi mirija yote miwili huwa na kasoro. Afanyiwe skani ya CT yenye dawa ya kuionyesha. Mkojo uoteshwe maabara, maambukizi yatibiwe. Na hata upasuaji ukifanikiwa, wengi huendelea kuvuja kidogo kwa kuwa msuli wenyewe ni dhaifu, huongezewa fenilpropanolamini, dawa ya kuukaza msuli huo.

Kisebusebu: Hiyo skani atalazwa kwa dawa ya usingizi? Nauliza tu. Sijasema nimeahirisha.

Bi Makucha: Kwa kawaida ndiyo, ili atulie. Mpigie daktari leo, usingoje Alhamisi.

Mzee Kobe: Na Simba naye anavuja?