Naomba ushauri: Microsoft ingeshika njia gani ili ilipate soko la gemu la Japani?

Mwanafunzi wa Masoko (mleta uzi):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya biashara hapa Dar es Salaam. Katika somo la masoko ya kimataifa tumetakiwa kuchagua kampuni moja iliyoingia katika nchi yenye washindani wenyeji walioota mizizi, kisha tuandike ripoti kana kwamba sisi ndio washauri wake. Nimechagua Microsoft na mashine yake ya Xbox nchini Japani, kwa sababu sijaona mfano mwingine wa kampuni yenye utajiri wa kiasi hicho iliyojaribu kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka 20, na bado ikabaki pembeni ya soko.

Xbox ya kwanza iliingia Japani tarehe 22 Februari 2002, na katika maisha yake yote haikufikisha mauzo ya mashine nusu milioni nchini humo. Xbox 360, iliyoingia Desemba 2005, ilijitahidi hadi ikafika takriban milioni 1.6. Xbox One ya mwaka 2014 iliporomoka hadi karibu 115,000. Nintendo Switch, mashine ya mshindani wa Kijapani, pekee imevuka mashine milioni 30 katika nchi hiyohiyo.

Wenzangu darasani wananiambia kwamba jibu liko wazi: Mjapani hununua cha Mjapani, na hakuna mkakati utakaobadili hali hiyo. Maelezo hayo hayaniridhishi, lakini sina hoja za kutosha za kuyapinga mbele ya mhadhiri. Je, hoja ya uzalendo ina uzito? Na kama haina, mshauri makini angeishauri Microsoft iweke fedha zake wapi? Nitashukuru zaidi nikijibiwa na wenye kumbukumbu ya mambo yenyewe kuliko wenye ushabiki wa mashine fulani.

Kaseti ya Zamani:

Ndugu mleta uzi, hoja ya uzalendo haisimami. Simu ya iPhone inatoka Marekani, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa simu zinazouzwa sana Japani, katika nchi ambayo Sony na Sharp nao wanatengeneza simu. Kama Mjapani angekuwa anaangalia kwanza asili ya kampuni, hilo lisingetokea.

Sasa tazama upande wa pili. Sega ni kampuni ya gemu ya Kijapani, lakini mashine yake ya Mega Drive iliwika Marekani huku nyumbani ikishika nafasi ya tatu, nyuma ya Nintendo na mashine nyingine ya Kijapani, PC Engine. Kisha akaja Sony mwezi Desemba 1994 na PlayStation, akiwa hana jina lolote katika utengenezaji wa konsoli, yaani mashine za gemu za nyumbani, na akamshinda Nintendo mwenyewe. Alichofanya Sony kilikuwa cha kibiashara kabisa. Alitumia diski za CD, ambazo gharama ya kuzizalisha ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na kaseti za Nintendo, hivyo mtengenezaji wa gemu aliweza kuagiza diski chache kwanza na kuongeza upesi gemu ikipendwa, badala ya kufunga mtaji wake katika kaseti ambazo huenda zingemdodea dukani. Watengenezaji wa gemu wa Kijapani, Square, walihamia kwake, na gemu yao ya Final Fantasy VII ikatoka Januari 1997 kwenye PlayStation. Mwezi huohuo watengenezaji wengine, Enix, walitangaza kwamba gemu yao ya Dragon Quest nayo inahamia huko. Waliokuwa na hadhira ya Kijapani mkononi walimfuata aliyewapunguzia hasara.

Kwa hiyo, katika ripoti yako, badala ya kuuliza Mjapani anampenda nani, uliza mtengenezaji wa gemu wa Kijapani alipewa sababu gani ya kuhamia Xbox, na je, sababu hiyo ilidumu?

Mchambuzi Huru:

Naunga mkono, na naomba niliendeleze swali hilo la mwisho, kwa maana ndilo linaloeleza kilichotokea kwenye Xbox 360.

Baada ya mashine ya kwanza kukwama, Microsoft haikukaa kimya. Ilimwendea Hironobu Sakaguchi, muasisi wa Final Fantasy, ambaye mwaka 2004 alikuwa ameanzisha studio yake iitwayo Mistwalker, ikagharamia gemu zake mbili kubwa. Ya kwanza, Blue Dragon, ilichorewa wahusika na Akira Toriyama, mchoraji wa katuni za Dragon Ball, na muziki wake ukatungwa na Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki wa Final Fantasy. Kwa mtu aliyekulia Japani miaka ya 1980 na 1990, hayo ni majina matatu yasiyohitaji utambulisho. Kama fedha peke yake ingetosha kununua soko, hapo ndipo lingenunuliwa.

Lakini chunguza tarehe, ndugu yangu. Xbox 360 iliingia madukani Japani tarehe 10 Desemba 2005. Blue Dragon ilitoka tarehe 7 Desemba 2006, takriban mwaka mzima baadaye. Hata gemu ya Dead or Alive 4, iliyotegemewa kuisindikiza mashine siku ya uzinduzi, ilichelewa hadi mwisho wa mwezi. Microsoft ilikuwa na nafasi adimu ya kuwatangulia wenzake kwa mwaka mmoja, na ikaupitisha mwaka huo bila gemu ambayo Mjapani wa kawaida angeitolea fedha. Blue Dragon ilipofika hatimaye, PlayStation 3 ya Sony ilikuwa imekwisha kutoka tarehe 11 Novemba na Wii ya Nintendo tarehe 2 Desemba. Kazi ya watu watatu mashuhuri ilizinduliwa siku tano tu baada ya Wii. Mimi naona ripoti yako ingepaswa kukaa hapa kwa kurasa kadhaa, kwa sababu si kweli kwamba Microsoft haikuielewa Japani. Ilielewa kinachotakiwa, ikalipa, halafu ikakileta wakati mlango umekwisha kufungwa.

Pamoja na hayo, juhudi hizo zilizaa matunda kiasi. Lost Odyssey, gemu ya pili ya Sakaguchi, ilifuata Desemba 2007, na Agosti 2008 ikatoka gemu nyingine ya Kijapani, Tales of Vesperia, iliyowafanya wanunuzi wamalize mashine madukani kwa muda. Hapo ungedhani ngoma imeanza kukolea. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, gemu hiyohiyo ikatolewa kwenye PlayStation 3 ikiwa na nyongeza ambazo wale waliotangulia kununua hawakuzipata. Mteja aliyeikimbilia Xbox kwa ajili yake alijifunza kwamba mwenye subira ndiye anayehudumiwa vizuri zaidi, na mteja aliyejifunza hivyo ni vigumu kumrudisha.

Kisha ikaja Xbox One, ambayo ilizinduliwa Marekani Novemba 2013 na kufika Japani tarehe 4 Septemba 2014. Sony naye aliichelewesha PlayStation 4 Japani hadi Februari 2014, lakini yeye alikuwa na akiba ya imani ya wateja ya miaka 20. Microsoft haikuwa na akiba hiyo, na ile kidogo iliyokusanywa na Xbox 360 ilipotea katika miezi hiyo ya kusubiri.

Dada wa Saitama:

Mdogo wangu, pole na masomo. Mimi naishi Japani na familia yangu, na ningependa uongeze jambo ambalo halionekani katika orodha za mauzo. Nyumba nyingi za hapa mijini ni ndogo, televisheni ya sebuleni ni ya familia nzima, na watu hutumia muda mwingi ndani ya treni. Konsoli kubwa inayodai televisheni na nafasi kwenye rafu inaanza mashindano ikiwa imekwisha kuachwa nyuma. Ndiyo maana gemu za Monster Hunter kwenye PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, ziliuzwa kwa mamilioni: vijana walikutana popote, kila mmoja na mashine yake mkononi, wakawinda pamoja. Switch nayo ilifaulu kwa sababu inachezwa nyumbani na njiani bila kubadili mashine.

Microsoft ililijua hili mapema kiasi. Pedi kubwa ya Xbox ya kwanza, yaani kifaa cha kushika mkononi wakati wa kucheza, ilikuwa mzigo kwa mikono mingi, hivyo ikatengenezwa ndogo zaidi kwa ajili ya Japani, na hatimaye hiyo ndogo ndiyo iliyosambazwa dunia nzima. Lakini walipunguza pedi, wakaiacha mashine yenyewe ilivyo. Xbox Series S ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza ninayoweza kusema inaingia kwenye rafu ya nyumba ya hapa bila kumwondoa mtu. Ilizinduliwa Japani siku moja na nchi nyingine, tarehe 10 Novemba 2020, na kabla haijatoka bei yake ilishushwa hadi yeni 29,980. Nakushauri uwapongeze kwa hatua hiyo, kisha ueleze kwamba bei zilipanda tena mwaka 2023 pamoja na kudhoofika kwa yeni.

Mtaalamu wa Bei:

Dada amegusa bei, nami niongeze mfano mmoja. Nintendo walipotoa Switch 2 tarehe 5 Juni 2025, waliuza Japani toleo la lugha ya Kijapani pekee kwa yeni 49,980, wakati toleo la lugha nyingi lilikuwa yeni 69,980. Kwa njia hiyo walimlinda mteja wa nyumbani dhidi ya udhaifu wa sarafu yake bila kuwafungulia mlango walanguzi wa kuzisafirisha mashine nje. Novemba mwaka huohuo Sony nao wakaleta PlayStation 5 ya Kijapani pekee kwa yeni 55,000. Mshauri wa Microsoft asiyeligusa jambo hili atakuwa hajaitazama Japani ya leo.

Mwanafunzi wa Masoko (mleta uzi):

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Kuna jambo moja linanitatiza. Tangu Februari 2024 Microsoft imekuwa ikipeleka baadhi ya gemu zake kwenye mashine za Sony na Nintendo. Je, nikiishauri iache kabisa kuuza mashine Japani na ibaki kuuza gemu, nitakuwa nimelikimbia swali?

Mchambuzi Huru:

Hutakuwa umelikimbia, ilimradi uanze kwa kueleza ushindi ni nini. Microsoft iliinunua Mojang, wenye Minecraft, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na Minecraft ni miongoni mwa gemu za Switch zilizouzwa sana katika maduka ya Japani. Maana yake ni kwamba watoto wengi wa Japani ni wateja wa Microsoft tayari, bila Xbox kuingia nyumbani kwao. Hilo ni soko lililopatikana, na si haki kuliandika kama kushindwa.

Hata hivyo, anayeuza gemu bila mashine ndiye anayehitaji zaidi watengenezaji wenyeji, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kwa kuinunua kampuni ya gemu ya ZeniMax mwaka 2021, Microsoft iliipata pia Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyoanzishwa na Shinji Mikami, mtengenezaji mashuhuri wa gemu wa Kijapani. Studio hiyo ikatoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu iliyosifiwa sana na wachezaji na wakosoaji. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga, na miezi michache baadaye ikachukuliwa na Krafton ya Korea Kusini. Mtengenezaji wa Kijapani anayefikiria kushirikiana na Microsoft hawezi kuacha kulitazama tukio hilo, kwa kuwa hata aliyefanya vizuri hakuhakikishiwa nafasi. Pendekezo lako la kwanza lingekuwa kuanzisha au kulea studio moja ya Japani kwa ahadi ya maandishi ya miaka 10, iwe Xbox inauzwa au haiuzwi, na gharama yake uilinganishe na dola bilioni 68.7 zilizotajwa kuwa bei ya Activision Blizzard, kampuni kubwa ya gemu ambayo Microsoft iliinunua.

Kaseti ya Zamani:

Hapo nakubaliana kabisa. Ukiandika, weka tarehe za Desemba 2006 na Mei 2024 katika sura moja, kisha umwonyeshe mhadhiri jinsi Sony walivyomtunza Square kuanzia 1997. Na kuhusu wanaotaja uzalendo, mpe kila mmoja mfano wa Sega kwanza, halafu msikilize atakavyojibu.

Mwanafunzi wa Masoko (mleta uzi):

Nimeelewa. Sura ya studio nitaiweka kabla ya sura ya bei, ingawa mwongozo wa chuo unataka bei itangulie. Nitamwomba mhadhiri ruhusa kesho asubuhi. Rasimu ikiwa tayari nitaiweka hapahapa, na nitamwomba Dada wa Saitama aipitie sehemu ya nyumba na treni kabla sijaiwasilisha.