Betri za nduthi za umeme: sheria ilazimishe zifanane?

Dereva, Githurai:
Naomba tulijadili hili wazi. Je, kampuni za nduthi (pikipiki) za umeme zilazimishwe kutumia betri ya aina moja, ili dereva abadilishe kwenye stesheni yoyote? Mimi nasema ndiyo.

Wiki jana nilimbeba mama mmoja na gunia lake la viazi, tunaelekea Ruiru. Kufika Kahawa Wendani, chaji imebaki asilimia 4. Hatua chache mbele palikuwa na stesheni ya kubadilisha betri, kabati limejaa, taa za kijani zinawaka. Si ya kampuni yangu. Kijana wa pale alinitolea betri moja tujaribu: ni ndefu kuliko nafasi ya kwangu, na pini za plagi hazikutani. Mama akashuka, akapanda nduthi ya petroli. Mimi nikasukuma yangu hadi Githurai, jua la saa nane likinichoma kisogo.

Mwenye petroli haulizwi tangi lake ni la kampuni gani. Mimi nduthi nailipia mkopo kila siku, betri ni ya kukodi, na siku kampuni ikifunga stesheni za upande wangu nitabaki na chuma cha kuegemeza ukutani. Isitoshe, mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilitenga bei nafuu ya umeme wa vyombo hivi: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi yamepungua, kabla ya kodi. Nafuu hiyo ni ya wananchi wote. Anayeipokea asinifungie mlango.

Fundi wa betri, Ruiru:
Pole sana, ndugu yangu. Lakini umesahau mitungi ya gesi? Kanuni za 2009 zilitaka valvu iwe moja, na muuzaji apokee mtungi wa kampuni yoyote. Tulifurahi. Kisha wajanja wakaanza kujaza mitungi ya watu vichochoroni, mwenye mtungi hajui uko wapi wala ulikaguliwa lini. Mwaka 2019 ubadilishanaji huo wa lazima ukafutwa.

Mimi betri nazifungua kila siku. Naona seli zimevimba, naona maji yameingia, naona alama za mashimo ya barabara kwenye kasha. Ukiniletea iliyochoka nikakupa yangu mpya, hasara ni ya nani? Na ikishika moto ikiwa kwako, atakayeshtakiwa ni nani?

Dereva, Githurai:
Hapo umenigusa, na mfano wa gesi ni wa haki. Ila mtungi ni bubu. Betri ina kumbukumbu ndani yake: namba yake, imechajiwa mara ngapi, ilipata joto kiasi gani. Stesheni inaweza kuisoma kabla ya kuipokea, na iliyochoka ikahesabiwa kwa mwenyewe. Hesabu za namna hiyo kati ya washindani si ngeni kwetu: mwaka 2018 Safaricom na Airtel walianza kupitishiana pesa za wateja moja kwa moja kutoka simu hadi simu, na kila mmoja akabaki na biashara yake. Kule Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, washindani wa miaka mingi, walikubaliana mwaka 2021 juu ya vipimo vya betri moja ya kubadilishana.

Sisemi betri zilizopo zitupwe. Nduthi mpya ndizo zianze kufuata, kuanzia tarehe itakayotangazwa mapema. Kuhusu moto nakubaliana nawe: jina la mwenye betri lijulikane kila inapobadilisha mikono, la sivyo tutarudi vichochoroni.

Sasa nikuulize wewe unayezifungua. Tukianza na kimoja tu, kiwe volti, ukubwa wa kasha au plagi? Mimi ningeanza na plagi. Hata bila kubadilisha betri, siku ile, kama na volti zingelingana, ningechomeka nusu saa pale Wendani, mama akangoja kivulini, na viazi vyake vingefika Ruiru juu ya nduthi yangu.