Tupeane uzoefu: ulifundishwaje kutumia inhela ya pumu, na nani alikufundisha?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nautaka uwe wa uzoefu tu. Wewe mwenye pumu, au unayemuuguza mwenye pumu, ulifundishwaje kuishi nayo? Manesi wenzangu nanyi msijifiche, semeni mlipokosea.

Naanza na langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani nilikuwa namuuliza, "Inhela unajua kutumia?" Anajibu, "Najua, sista." Natia tiki kwenye faili, anaondoka. Sasa kulikuwa na mzee mmoja, tukimlaza tunampa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) na vidonge vya prednisolone vya kupunguza uvimbe kifuani, anapata nafuu, halafu baada ya wiki kadhaa huyo amerudi, kifua kinapiga filimbi vilevile. Mara ya tatu, sijui nini kilinituma, nikamwambia, "Baba, hebu nionyeshe unavyoivuta."

Akaitoa mfukoni. Hakuitikisa. Akaachama, akabonyeza mara mbili mfululizo kama mtu anayepulizia mbu, ndipo akakumbuka kuvuta pumzi. Dawa niliiona kwa macho yangu ikitoka kinywani kama moshi. Miezi yote hiyo mzee alikuwa anatibu hewa ya chumba, na sisi tunamwongezea dozi.

Tukaanza upya. Tikisa. Toa pumzi taratibu mpaka iishe. Bana midomo vizuri kwenye inhela, anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja tu huku ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Zuia pumzi, hesabu mpaka kumi. Ngoja nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia. Alikosea mara nne. Ya tano ikaingia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndivyo inavyokuwa."

Tangu siku ile siulizi tena "unajua?" Nasema "nionyeshe."

Haya, karibuni.

Mama wa Wawili

Asante kwa uzi, dada. Wangu aligundulika akiwa na miaka mitatu. Tulipewa inhela na spesa yenye barakoa (kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na inhela, dawa inakaa humo mtoto aivute), na kila nikimsogezea usoni ni vita: analia, anageuza shingo, nami nalia. Nesi wa kliniki akaniambia nimwachie spesa aichezee siku nzima, amvalishe mwanasesere, anivalishe mimi, amvalishe baba yake. Jioni akaja mwenyewe, "Zamu yangu." Tunabonyeza mara moja, tunahesabu pumzi sita pamoja, kwisha.

Lakini aibu yangu ni hii. Baadaye dawa ikawa kama haimshiki. Nesi akauliza spesa naioshaje. Nikajibu kwa kujidai kabisa, naisugua na kuifuta kwa kitambaa kikavu mpaka inang'aa. Akacheka. Akachukua kitana, akakisugua kwenye nguo, akakisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikarukia. "Spesa yako inafanya hivyo hivyo. Dawa inagandia ukutani badala ya kwenda kwa mtoto." Sasa ni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, halafu naiacha ijikaushe yenyewe.

Msomaji Kimya

Mimi nilifundishwa na bango la ukutani. Nesi alikuwa na foleni.

Mbishi Mstaafu

Hapa nakiri hadharani. Nilipewa mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu ukivuta, dakika chache kifua kinafunguka. Ya kahawia nilivuta siku tatu, sikusikia chochote, nikaitupa droo. Nikaishi kwa bluu. Nilikuwa namaliza moja kila mwezi na najiona mjanja, maana sikosi hewa.

Usiku mmoja nikabebwa. Nilipozinduka vizuri nesi akakaa kitandani pangu (najua hawaruhusiwi), akakunja mkono wa koti lake ukawa kama bomba. Akalibana kwa nje kwa vidole: "Hii ni misuli inayokaza, bluu inailegeza." Kisha akasokomeza soksi yangu ndani ya ule mkono: "Huu ni uvimbe na makamasi. Bluu haiugusi. Ni kazi ya kahawia, na inakwenda polepole, siku hadi wiki. Wewe ulikuwa unadeki huku bomba linavuja."

Ile soksi sijaisahau mpaka leo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mbishi, umenifurahisha. Niongeze tu kwamba rangi hubadilika kwa kiwanda, kwa hiyo someni jina la dawa. Salbutamol ni ya kufungua, inakaa kama saa nne hadi sita. Beclomethasone au budesonide ndizo za kuzuia. Na tangu 2019 miongozo ya GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, haishauri tena mtu mzima wala kijana kutibiwa pumu kwa ile ya kufungua peke yake. Kumaliza moja kila mwezi ni ishara ya hatari, si ya ujanja.

Sina Imani

Mimi naona hayo madude yanalevya. Ukishaanza huachi. Ndugu yangu akivuta tu mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kweli, salbutamol inafanya hivyo, na hupita. Ulevi si kweli. Akiona anaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamshwa usiku na kifua, maana yake pumu haijadhibitiwa. Aende kliniki, asiitupe. Na anayetumia ya kuzuia asukutue kinywa na kutema kila baada ya kuvuta, la sivyo anaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Hilo wengi hawaambiwi, wakiupata wanaacha dawa.

Binti wa Mzee

Kwetu kilichotushangaza ni matone ya macho. Baba alikuwa na pumu iliyotulia, ghafla ikaanza kumsumbua. Tukahisi vumbi, tukafua mapazia, tukatoa zulia. Nesi akasema, "Kesho njoo na kila dawa iliyopo nyumbani, hata isiyo ya kumeza." Alipofika kwenye matone ya presha ya macho akasimama. Timolol, ambayo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Daktari akabadilisha. Sikujua tone la jicho linaweza kufika kifuani.

Mkimbiaji

Mipulizo miwili dakika 15 kabla ya mazoezi kama kliniki walivyonielekeza, napasha mwili moto taratibu, nakimbia. Sina hadithi zaidi.

Mwalimu wa Hesabu

Mimi nilipewa kile kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha kasi ya pumzi unayotoa, na daftari. Nikiwa mzima kabisa napuliza 480. Nesi akanipa kazi: asilimia 80 ni ngapi? 384. Asilimia 50? 240. Juu ya 384 ni kijani, katikati njano, chini ya 240 nyekundu, na kila rangi imeandikwa nifanye nini. Juzi nilikuwa na mafua tu, kifua kiko safi kwa kusikia mwenyewe. Asubuhi 470, kesho yake 430, siku ya tatu 370. Nikafuata mstari wa njano kabla hata sijakohoa. Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo.

Sista wa Siku Nyingi

Nimesita kuandika hili. Nilikuwa mgeni wodini, analetwa binti anatweta, filimbi unaisikia ukiwa mlangoni. Tunaendelea kumhudumia, filimbi ikapungua, ikapungua, ikakatika. Nikafurahi, nikaandika "ana nafuu." Mkubwa wangu akapita, akamwangalia usoni kabla ya kuangalia faili. Binti alikuwa anasinzia, mabega bado yanapanda na kushuka. Akaweka kifaa kifuani: kimya pande zote. Hewa ilikuwa haipiti hata ya kupigia filimbi. Alipona, kwa sababu ya yule mkubwa, si mimi.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa nawafundisha kuangalia kuliko kusikiliza. Hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, midomo inabadilika rangi, anachoka au kuchanganyikiwa, filimbi imenyamaza lakini bado anahangaika: hapo ni hospitali sasa hivi. Njiani akae wima, msimlaze. Ya bluu kwa spesa, mpulizo mmoja mmoja, minne hadi kumi, na kurudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza mpaka mfike. Na asiachwe peke yake, hata kwa kwenda kutafuta funguo.

Mama wa Wawili

Sista, hilo la kunyamaza sikuwahi kuambiwa na mtu. Miaka sita kliniki.

Msomaji Kimya

Na yule mzee wa mwanzo yuko wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Yupo, anakuja kliniki. Siku hizi hasubiri nimwombe, akikaa tu anaitoa mfukoni: "Nikuonyeshe?" Mwezi jana alilalamika kifua kimeanza tena. Akanionyesha, na hatua zote zilikuwa sawa kuliko wanafunzi wangu. Nikaichukua, nikaigeuza nyuma kwenye kihesabio: sifuri. Dawa ikiisha gesi inabaki, kwa hiyo ukibonyeza bado inapuliza. Nami katika kumfundisha kote sikuwahi kumwambia.

Tukakaa tukapiga hesabu: ni ya kuzuia, mipulizo 200, minne kwa siku, siku 50. Akaazima kalamu yangu akaandika tarehe ya kuisha kwenye inhela mpya. Kalamu hajairudisha.