Tupeane uzoefu: bata mzinga wa Krismasi na kiporo chake

Mama Nyemo:
Wapendwa, hamjambo? Wifi yangu wa Kongwa kaniahidi dume la bata mzinga kwa ajili ya Krismasi, na wageni wanakuja kutoka Singida na Mpwapwa. Kuku namuweza, mbuzi namuweza, ila huyu nimezoea kumla kwa watu. Mliowahi kumpika, alitokaje laini? Na kilichobaki mlikifanyia nini? Nikiweka na pilau, kiporo lazima kiwepo.

Kijana wa Kibaigwa:
Dada, sisi tunawafuga. Shida yake ni kidari. Hakina mafuta, kinaiva mapema, wakati paja lenye kano bado gumu. Ukilisubiri paja, kidari kimeshakauka. Nyumbani tunamkata vipande: mapaja, shingo na mabawa mchuzi wa nazi, kidari kinapikwa peke yake. Wanaotaka aingie mezani mzima ili apigwe picha, shauri yao.

Mzee wa Area C:
Kijana, sikukuu ni mara moja kwa mwaka, acha aingie mzima! Mimi sina oveni. Natumia sufuria nzito, moto juu na moto chini. Usiku namlowesha kwenye maji ya chumvi, gramu 60 hivi kwa kila lita, ndoo imezungukwa na barafu maana joto la Dodoma la Desemba halina huruma. Asubuhi namfuta maji, nampaka siagi, kitunguu saumu na pilipili manga mpaka chini ya ngozi. Kwenye sufuria natandika vitunguu na karoti ili asiguse chuma, kidari kikiangalia chini kwanza, halafu namgeuza baadaye. Mkaa wa kwenye mfuniko uwe mwingi kuliko wa chini. Mwenye kipimajoto achome penye mnofu mnene wa paja, isome nyuzi 74. Asiye nacho achome kisu. Maji yakiwa bado mekundu, arudishe mfuniko. Akishaiva apumzike nusu saa ndipo umkate, la sivyo utamu wote unaishia kwenye sinia.

Yale maji ya chini namwagia mvinyo mweupe wa hapahapa Dodoma, yanachemka mpaka yawe mazito. Basi.

Binti Kondoa:
Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye mvinyo umetutoa mezani sisi wengine! Mama Nyemo, ukiwa na majirani Waislamu, mwite mmoja wao achinje, na mchuzi wa mvinyo ukae bakuli lake. Kwetu Krismasi ya jirani ni yetu pia, kama Iddi yetu ilivyo yao.

Kiporo mimi nafanya sambusa. Nyama chambua kwa mkono, usisage. Kaanga kitunguu kingi, tangawizi, bizari ya pilau, nyama iingie mwisho kabisa kwa sababu imeshaiva. Kamulia ndimu, acha ipoe, ndipo ufunge. Nyama ya moto inachana manda.

Mzee wa Area C:
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, mabakuli mawili.

Wa Nzuguni:
Dada yangu yuko Marekani. Wenzetu wanamla Alhamisi ya nne ya Novemba, pamoja na mchuzi mwekundu mchachu wa matunda ambayo huku hayapatikani. Alipokuja likizo tukajaribu rozela: chemsha, chuja, rudisha jikoni na sukari na kipande cha mdalasini mpaka ivutike. Nilivyoonja sikutamani tena ya kwao. Kesho yake ile rozela iliyobaki tuliipaka kwenye chapati, tukaweka nyama baridi na kachumbari, tukakunja.

Mama Nyemo:
Rozela ninayo ndani! Sasa umeme ukikatika, hiyo nyama naifanyaje?

Kijana wa Kibaigwa:
Usiiache mezani watu wakipiga soga. Ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji, tena imechambuliwa, kwa sababu mzigo mkubwa unachelewa kupoa katikati. Iliwe ndani ya siku 3 au 4, kila ukipasha ichemke kweli. Sisi tusio na friji hatubishani na kiporo: sahani zinaenda kwa majirani siku hiyohiyo, mifupa inaingia sufuriani jioni ileile kwa supu. Inayobaki kidogo inaungwa na karanga, usiku inaliwa kwa ugali wa uwele na mlenda pembeni. Bibi yangu anasema hiyo ndiyo Krismasi yenyewe, mchana watu walikuwa wanajionesha tu.

Mama Nyemo:
Nimeandika yote. Mzee wa Area C, hiyo sufuria yako inaazimwa?

Mzee wa Area C:
Inaazimwa, mama. Ila isirudi tupu.